Mwezi Umelala Chali

Jumanne, 14 Novemba. Sitalike.
Miezi kumi na mmoja na siku tatu tangu niondoke Kasulu. Mabega yamechoka zege. Mwanangu nilimwacha tumboni, sasa anatambaa. Jumapili anabatizwa. Vestina kasema nisipofika, mama yake ndiye atachagua jina. Mungu wangu!

Habari njema: Daktari Lucia, mtaalamu wa nyota, anafundisha shule hii tunayoijenga. Ijumaa anakwenda Kasulu. Garini nafasi moja. Amosi, kibarua mwenzangu wa huko huko, anaitaka pia. Nimejitolea kubeba darubini. Bure!

Jumatano, 15.
Darubini nimeifikisha darasani. Daktari kawaambia watoto miaka kumi na tisa anapima mwanga wa nyota moja. Nikamhurumia. Kisha akauliza nani anaamini mwezi ukilala chali unashika maji, mvua hainyeshi. Nilinyoosha mkono kabla ya watoto. Kicheko! Amosi dirishani akaniita profesa wa zege. Daktari hakucheka. Alisema hata bibi yake aliamini hivyo, lakini huku kwetu karibu na ikweta mwezi mchanga hulala hivyo karibu kila mara, kiangazi na masika. Mvua haina habari nao. Nikasema nimeelewa kabisa. Kaniahidi kiti cha garini!

Jioni nimeutazama. Umelala kama bakuli. Labda Vestina naye anauona, yuko uani, mtoto mgongoni.

Alhamisi, 16.
Darubini uwanjani, ya kutazamia jua. Daktari akienda kula aliniagiza nikiona wingu niifunike turubai. Wingu nililiona. Jeusi. Lakini jana mwezi si ulilala chali? Turubai nikafungia begi langu la safari. Nikaenda kunyoa, nisimtishe mtoto.

Saa tisa, mvua! Amosi kavua shati, kaikumbatia darubini kama ndugu yake. Daktari aliifuta kwa kanga. Kisha akaniuliza: kaka, si ulisema umeelewa? Nikamjibu nilielewa, ila sikuamini.

Ijumaa, 17.
Gari limeondoka. Amosi mbele, mkanda kafunga, ananipungia. Nimempa soksi za mtoto. Atambeba kabla yangu. Hilo ndilo linaniuma.

Nimepata lori la mbao, kesho alfajiri, juu ya mzigo. Helena, mama ntilie wetu, kanipa nailoni: shemeji, jifunike, na ikinyesha barabara hiyo mtalala matopeni. Nimemrudishia. Mwezi nimeutazama mwenyewe sasa hivi. Bado chali, haujamwaga hata tone.

Vestina, mzuie mama asitaje jina. Jumapili, kabla ya misa, nimefika.