Kompyuta Tisa Chini ya Godoro

Jumatatu, Machi 3

Siku mbaya. Ilianza vizuri, na hapo ndipo iliponihadaa.

Sisi wenye elimu ya mashine kongwe tunajua kwamba plastiki ya kompyuta ya zamani hugeuka manjano kwa uzee. Dawa yake ni blichi ya nywele. Unaipaka, unaifunga nailoni, unaianika juani, jioni inatoka nyeupe pee. Mke wangu ana saluni. Saluni ina blichi. Sikuona kikwazo chochote.

Nikaanika kibodi mbili juu ya bati la bafu. Nikapitiwa na usingizi. Zimetoka mabaka mabaka. Hilo dogo. Kubwa ni kwamba mteja wa saa nane alikuwa bibi harusi, na alikaa kitini kichwa kiko tayari, mke wangu akafungua kopo, kopo jeupe ndani kama sahani iliyooshwa. Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga.

Ametoa amri. Mama yake anakuja Ijumaa, magoti yanamsumbua, atakaa miezi mitatu. Chumba cha wageni kiwe na kitanda, na kisiwe na kompyuta hata moja. Itakayokutwa humo Alhamisi jioni itapanda mkokoteni wa mnunuzi wa vyuma chakavu. Nikamkumbusha kwa upole kwamba kile chumba ni makumbusho. Akasema makumbusho ni mahali watu wanapokwenda kutembelea, kile chumba hata panya wamekihama.

Kompyuta kumi. Gemu za kaseti sanduku zima. Bunduki ya gemu moja, haijawahi kufyatuliwa. Miaka kumi na tisa ya kuokota, kubembeleza na kubeba mgongoni. Ofisini mimi ni karani wa masjala, natunza mafaili ambayo hakuna anayeyaomba. Nyumbani nilitaka kutunza kitu ninachokipenda. Basi.

Jumanne, Machi 4

Nimepata wazo! Niko ofisini, nimeificha shajara ndani ya faili la likizo.

Amri ina sehemu mbili. Kwanza, kitanda kiwepo. Pili, kompyuta zisionekane. (Alisema zisiwepo. Ni jambo lilelile ukilitazama kwa utulivu.) Kitanda cha zamani cha wageni nilikwishakikata mwaka juzi nikatengeneza rafu. Sasa basi: sipiyu tisa, yaani yale masanduku ya kompyuta, zilazwe chali, safu tatu za tatu tatu. Juu yake ubao. Juu ya ubao godoro. Juu ya godoro shuka refu linalogusa sakafu.

Nimepima kwa rula ya ofisi. Zinaenea kama zilizaliwa kwa kazi hiyo. Mkuu wa masjala akaniuliza nacheka nini na faili la likizo.

Inabaki sipiyu moja. Ile ya kumi, Mdomo Mpana, inayomeza disketi kubwa kubwa zile za kwanza kabisa, nyembamba na laini. Nzito kuliko zote, mbaya wa sura, na disketi zake siku hizi hana mtu. Hiyo ndiyo itakayotolewa kafara.

Jumatano, Machi 5

Leo nimempiga Fundi Waya chenga ya mwaka.

Fundi Waya anatengeneza redio na simu pale kona, na ndiye mtu mwingine pekee wa mtaa huu mwenye akili ya vitu vya zamani. Pamoja tulianzisha Chama cha Mashine Kongwe. Kina wanachama wawili. Mimi ni mwenyekiti. Yeye naye anasema ni mwenyekiti. Hatujawahi kufanya mkutano ukafika ajenda ya pili.

Waya anayo televisheni ya kichogo, nzima, rangi zote. Bunduki yangu ya gemu haifanyi kazi kwenye televisheni hizi bapa, inataka kichogo. Miaka minne namwomba, miaka minne ananipa kisogo. Leo nikaingia na Mdomo Mpana kwenye toroli, nikajitia sina haja. Nikasema nataka kubadilishana, ila nasitasita. Yeye akasema hata yeye anasitasita. Tukasitasita kwa saa nzima, kisha akabeba televisheni mwenyewe hadi kwenye toroli langu, haraka haraka.

Maskini ya Mungu. Hajui alichopoteza.

Alhamisi, Machi 6

Ukaguzi umepita.

Televisheni nimeifunika kitambaa cha meza na kuiwekea maua. Sasa ni meza ya kando ya kitanda. Kaseti za gemu zimo kwenye foronya, zimekuwa mto wa pili, mgumu kidogo. Palihitajika kigoda. Nilikuwa na spika kubwa tupu, bila sanduku. Nikailaza kifudifudi juu ya ndoo, ile sumaku yake nene ikakaa juu, bapa na laini, nikaivisha kitambaa cha maua. Kigoda kizuri kuliko vya dukani.

Mke wangu alisimama mlangoni muda mrefu. Akaniuliza zile takataka ziko wapi. Nikasema nimezipatia nafasi. Akasema hakutegemea. Kisha akanishika mkono, akasema ahsante, mama yake atafurahi.

Nilisikia aibu. Ilikuja ikakaa kama robo saa hivi. Halafu chakula kikawa tayari.

Ijumaa, Machi 7

Mama mkwe amefika saa nne asubuhi, na fimbo na mabegi mawili. Nilimpeleka chumbani roho ikiwa mkononi. Akakaa kitandani. Hakikulia. Akainuka. Akakaa tena. Akasema vitanda vyote vya siku hizi viko chini, magoti yanalia akiinuka, lakini hiki kimo chake ni sawasawa kabisa. Akauliza nani kakitengeneza. Mke wangu akasema ni mkweo. Mama mkwe akasema nina mikono ya dhahabu.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye furaha.

Baada ya chai akatoa bahasha kubwa ya kaki. Ndani yake disketi tatu, zile kubwa, nyembamba, laini. Ya nne akaitoa kwenye pochi. Marehemu baba mkwe alikuwa mwalimu mkuu, na mchana wanafunzi wakiondoka alikuwa akibaki kuandika kwenye kompyuta ya shule. Aliandika nini, hakumwambia mtu. Alipofariki zilikutwa ndani ya koti lake. Huu mwaka wa kumi na moja mama mkwe anazitunza chini ya kanga zake. Kila fundi aliyemwonyesha alicheka, akasema mashine za kusomea hivyo vitu zimekwisha duniani.

Akasema mwanawe wa kiume alitaka akatibiwe magoti kwake, kuna daktari karibu. Alichagua kuja hapa. Kwa sababu alisikia mkwewe mmoja anatunza mashine za zamani, na watu wanamcheka. Akasema anataka kumsikia mzee wake mara moja tu, hata kama aliandika habari za chaki.

Mke wangu akanitazama. Jamani, hajanitazama hivyo tangu harusi.

Miaka kumi na tisa, na hatimaye mtu ameniomba kitu kutoka kwenye makumbusho yangu. Na kitu chenyewe kiko kwa Fundi Waya.

Nikasema inshallah, nipe siku mbili, mashine ile huwa naitunza mahali maalumu. Mama mkwe akairudisha ile moja kwenye pochi, maana ina jina lake kwa mwandiko wa marehemu. Zile tatu akaziweka vizuri juu ya kigoda, akazipapasa, akasema hapo zitakuwa karibu yake. Kigoda kimepata kazi mara moja.

Jumapili, Machi 9

Jana sikuandika. Nilikuwa nadhalilishwa.

Nilikwenda kwa Waya asubuhi. Mdomo Mpana alikuwa kwenye meza yake, ameshamfuta vumbi, anang'aa. Kumbe Waya miaka minne yote alikuwa akiitamani mashine hiyo. Nikamweleza shida. Akasikiliza, akashika kidevu. Masharti yake: televisheni irudi, uenyekiti niuache kwa maandishi, na mashine haitoki dukani bila yeye. Nikatia sahihi nyuma ya risiti ya betri.

Kuitoa televisheni chumbani nilimwambia mama mkwe kwamba meza ina mchwa. Alitazama ile meza ikiondoka na waya wa umeme unaburuzika nyuma yake.

Leo Waya amekuja na mashine, amevaa shati la kola. Mke wangu yuko saluni, Jumapili ndiyo siku yake ya wateja. Tukawasha. Mdomo Mpana huamka taratibu, anakohoa, anasaga, kisha herufi za kijani. Mama mkwe alivuta kiti akakaa wima, mikono juu ya fimbo.

Disketi ya kwanza, tupu. Ya pili, tupu. Ya tatu ikakwaruza ikakwaruza, ikatoa alama zisizosomeka.

Waya akaitazama ile disketi. Akainama sikioni mwangu, akaniuliza zililala wapi. Nikasema mahali pazuri tu, juu ya kigoda. Akauliza kigoda gani. Nikakinyooshea kidole. Akafunua kitambaa kwa ncha ya bisibisi, akakiona kisahani cha sumaku. Bisibisi ikaruka kutoka mkononi mwake, ikanasa pale kwenye sumaku, ta!

Mtu yeyote wa chama chetu, hata mwanachama wa siku moja, anajua kwamba disketi na sumaku havikai chumba kimoja. Mimi ndiye niliyeandika kanuni hiyo. Ni kanuni ya kwanza. Maneno ya marehemu yalikaa miaka kumi na moja chini ya kanga bila dhara, yakaja kuuawa na kigoda changu kwa siku mbili.

Waya angeweza kunimaliza pale pale. Alirudisha kitambaa, akasema kwa sauti kwamba vitu vya zamani, mama, wakati mwingine vinachoka. Sikuwahi kumpenda mtu yule kama dakika ile.

Mama mkwe akafungua pochi, akatoa ile ya nne.

Ikasoma.

Haikuwa barua. Ilikuwa orodha. Redio kumi na moja, mbovu, kila moja na mahali alipoipata, na hali yake kama mgonjwa wa wodini. Ya nne inakohoa ikipata joto. Ya saba imeanza kushika taarifa ya habari, namshukuru Mungu. Juu kabisa aliandika: zote zimo darini, upande wa jikoni. Na chini kabisa: mke wangu akiuliza, nitamwambia. Asipouliza, mwaka ujao.

Mabega ya mama mkwe yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Akasema kila Jumamosi mzee alikuwa akipanda darini kwamba anaziba paa linapovuja. Miaka ishirini anaziba, na paa lile halijawahi kuvuja hata tone. Akacheka mpaka akalia kweli, akaomba tumsomee tena ile ya saba.

Sikuweza kuvumilia. Nikamwambia yote: kigoda, sumaku, zile tatu. Nikamwambia na kitanda. Nilitarajia fimbo.

Alikigusa kile kigoda kwa fimbo. Akasema zile tatu zimemuuma, na hatanidanganya kwamba hazikumuuma. Akasema pengine nazo zilikuwa redio tu, lakini sasa hatajua. Kisha akapiga kitanda chake kwa kiganja, akasema kinabaki kama kilivyo, ila nimwambie mke wangu ukweli mwenyewe, kwa mdomo wangu, na nisingoje aulize. Nikaapa mbele ya Fundi Waya. Mwenyekiti akaandika kumbukumbu.

Jumatatu, Machi 10

Mke wangu amesikia habari za orodha na amelia na kucheka kama mama yake. Ameniambia amejivunia. Ameninunulia kifutio cha kusafishia kaseti.

Sijamwambia. Leo amechoka sana, wateja walikuwa wengi. Kesho.

Jumanne, Machi 11

Amefurahi sana leo. Si vizuri kumharibia mtu furaha.

Jumapili, Machi 16

Shemeji, kaka wa mke wangu, ameleta zile redio za marehemu kutoka darini. Kumi na moja, zimefungwa kwenye magazeti. Ya nne bado inakohoa. Mama mkwe ameichagua ya saba, ameiweka dirishani, anaongea nayo. Mke wangu amesema hiyo moja inatosha, zile kumi zitafutiwe mahali pengine nje ya nyumba hii. Nikasema zimekwishapata.

Kitanda kimepanda kidogo. Nilizipanga kati ya sipiyu na ubao, safu mbili za tano tano, zimeenea kama zilizaliwa kwa kazi hiyo. Mama mkwe alikuwa amesimama akinielekeza kwa fimbo ipi ikae wapi. Anasema magoti hayajawahi kuwa na raha hivi.

Sasa kuna vitu vingi, na mtu makini huweka kumbukumbu. Waya amekubali kuniachia Mdomo Mpana kwa wiki moja. Nimeandika orodha kamili: sipiyu tisa, redio kumi, kaseti, bunduki, na mahali kila kimoja kilipofichwa. Chini yake nikaongeza kwamba mke wangu akiuliza, nitamwambia. Asipouliza, mwaka ujao.

Nimeihifadhi kwenye disketi moja tu, mojawapo ya zile tatu zilizofutika, ili isizagae. Nimeiweka pale juu ya kigoda, nisije nikaisahau.