Vichupo vya Karani

Jumatatu, 2 Juni

Masolwa ametundika bango jipya. Kubwa. Limeziba hata jua la asubuhi lililokuwa likiingia dukani kwangu. Sisi wawili tunachapa kazi za watu, huku Tabora karibu na stesheni, yeye upande ule wa barabara, mimi upande huu. Tofauti ni kwamba yeye anatumia programu za wenzake. Mimi natengeneza yangu. Inaitwa Karani. Ni ya kuandikia tu, lakini kila neno ndani yake ni Kiswahili.

Leo Mwalimu Levina kapita. Anafundisha kompyuta sekondari. Kasema anatafuta programu ya kuandikia kwa ajili ya wanafunzi wake, na wiki ijayo ataamua. Masolwa kamwahidi kuleta moja kutoka Dar. Nikamwambia Levina asihangaike na Dar. Akacheka. Ana cheko zuri sana. Sikusema hilo.

Nimeamua: Karani itakuwa na vichupo.

Jumanne, 3 Juni

Kichupo ni kile kibao kidogo juu ya skrini chenye jina la waraka. Ukikibofya, waraka wako unafunguka. Kazi za wateja wote zinakaa hapo juu, zimepangwa mstari mmoja, hakuna wa kusubiri mwenzake. Vyangu nimevifanya vyembamba ili viingie vingi. Jina likizidi, linakatwa. Umaridadi una gharama yake.

Mama Apolinaria kaja kutoka Usoke kuchapisha ratiba ya harusi ya binti yake Consolatha, Jumamosi hii. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akakaa. Nikachapa. Alipotaka kuondoka, nikaona sijafunga kazi yake. Nikamwambia kwa heshima zote, "Mama, subiri kidogo, kichupo chako kipo wazi."

Akasimama ghafla. Akakusanya kitenge chake kwa mikono miwili na kutazama nyuma. Wateja wakatazama ukutani. Nilieleza kwa muda mrefu kwamba nimesema kichupo, si lile vazi lingine. Kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuwa mbaya. Masolwa alisikia mpaka kwake. Mchana kutwa kila anayepita ananiuliza kama nimefunga.

Jumatano, 4 Juni

Leo nimebuni jambo kubwa. Kichupo unachokigusa kinakimbilia mbele chenyewe, kinakuwa cha kwanza. Kazi ya karibuni iko mbele daima. Sijaona mtu mwingine aliyewaza hivi.

Levina kaja kujaribu. Kafungua insha, kafungua barua, karudi kwenye insha. Akasita. Akauliza, "Gerson, mbona vinanikimbia?"

Nikamwambia havikimbii, vinamhudumia. Akasema yeye anataka kukuta kitu pale alipokiacha, na anataka kusoma jina lake lote, maana hapo juu anaona "Ins" na "Bar" na hajui ipi ni ipi. Nikaitikia kwa kichwa. Watumiaji wote huwa hivyo mwanzoni. Watazoea.

Alhamisi, 5 Juni

Kazi zimemiminika. Mzee Ngollo, mwenyekiti wa chama cha wakulima wa tumbaku kule Usoke, kaleta ratiba ya siku ya soko, siku marobota ya tumbaku, yale mafurushi makubwa, yanapokaguliwa na kuuzwa. Na yenyewe ni Jumamosi hii. Nikafurahi, maana bahasha zote mbili zitapanda basi moja.

Majalada nilikwisha kuyachapa: moja lina maua na majina ya maharusi, jingine lina jani la tumbaku. Zilibaki kurasa za ndani. Nikafungua ya harusi, nikasahihisha jina la mchungaji. Ikakimbilia mbele, vizuri. Mara Mzee Ngollo akapiga simu, jina la katibu limekosewa; nikafungua ya tumbaku. Nikasahihisha. Kisha nikabofya kichupo cha kwanza, nikachapa nakala za harusi. Nikabofya kingine, nikachapa za tumbaku. Vichupo vyote viwili vilisomeka "Rat". Sikukagua. Mtu asipoiamini programu yake mwenyewe, Levina ataiaminije?

Nikabana kurasa na majalada yake, nikafunga bahasha, nikapeleka kwenye basi. Masolwa bado alikuwa anahangaika na printa yake. Nikampungia mkono.

Jumamosi, 7 Juni

Usoke. Nilialikwa, nikaenda na shati jeupe. Levina naye alikuwepo, Consolatha ni mwalimu mwenzake. Tukakaa meza moja. Siku ilianza vizuri kuliko nilivyostahili.

Anton, mshereheshaji, alikuwa ameonywa na kamati asiongeze neno lolote nje ya ratiba. Basi akafungua ratiba akasoma kama ilivyo: "Saa nane kamili, robota la kwanza liletwe mbele."

Wageni wakageukia mlangoni. Maharusi ndio kwanza walikuwa mlangoni. Anton akatazama jalada, maua yapo. Akatazama ndani tena. Akaendelea, maana ameonywa. "Mnunuzi atalikagua na kutaja daraja. Robota lenye unyevu litarudishwa kwa mkulima."

Nilimwona Consolatha akiinamisha kichwa. Mabega yalikuwa yanatikisika. Nikajua analia, na nikajua ni mimi. Nilitamani kuingia chini ya meza. Levina hakunitazama, na hilo liliuma zaidi.

Kisha baba wa bibi harusi akasimama. Mkulima wa tumbaku tangu ujana wake, mtu asiye na maneno mengi. Akasema, "Mimi ndiye mkulima. Hili nimelikausha vizuri. Halirudi."

Ukumbi ukalipuka. Bwana harusi naye akainua mkono, akasema yeye ndiye mnunuzi, amekagua, ni daraja la kwanza. Vigelegele. Consolatha akainua uso. Machozi yalikuwepo kweli, lakini alikuwa anacheka mpaka shela ikamtoka.

Baadaye Mzee Ngollo akaja mbio kutoka kwenye ghala la chama. Nikajiandaa kukimbia. Akanishika mkono kwa nguvu. Kumbe kule katibu alisoma, "Wote wasimame, bibi harusi anaingia kwa shangwe," na wakati huohuo mzee ndiye aliyekuwa anaingia. Wakulima wakasimama, wakapiga vigelegele, wakamsindikiza wakicheza mpaka kitini. Kasema ameongoza chama miaka yote hiyo, hajawahi hata kupigiwa makofi.

Jumapili, 8 Juni

Mama Apolinaria kanikamata nje ya kanisa. Kasema wageni wamecheka, sawa, lakini kwa nukta ile moja mwanawe alilia siku ya harusi yake, na kicheko cha watu hakifuti hilo. Kaniongoza mpaka kwa Consolatha, nikaomba radhi nimeinama. Nilimaanisha. Consolatha kasema yamekwisha. Mumewe kauliza kama naweza kumchapia nakala nyingine ya ratiba ileile, aiweke ukutani.

Jumatatu, 9 Juni

Levina kaja asubuhi, kavuta kiti, kakaa kabla sijamkaribisha. Kasema Usoke tuliokolewa na baba yake Consolatha, mzee mwenye busara ya haraka, na darasani kwake hatakuwepo mzee huyo. Vichupo vitulie. Majina yasomeke yote.

Tukafanya kazi pamoja kutwa nzima. Tulikula mihogo ya kukaanga juu ya kibodi. Jioni kila kichupo kilikaa pale kilipowekwa, na jina lake lote, "Ratiba ya Harusi", "Ratiba ya Soko". Hata mimi nilikiri kimoyomoyo kwamba inapendeza.

Kachagua Karani. Ile ya Dar aliyoileta Masolwa inauliza kila kitu kwa Kiingereza na wanafunzi walibaki wanaitazama. Masolwa kavuka barabara, kanipa mkono, kaomba nakala moja. Nilimpa. Nilijitahidi nisitabasamu sana.

Jumatano, 11 Juni

Karani iko kwenye kompyuta zote za shule. Levina kanitumia picha ya darasa. Kaandika, "Vimetulia." Nimeisoma mara nyingi.

Ila nimekuwa nikifikiri. Usoke watu walifurahi lini? Vichupo vilipohama. Mzee Ngollo alipata shangwe lini? Vilipohama. Leo vimetulia, na hakuna aliyenishika mkono.

Nimebuni kitu kipya. Kichupo kisipoguswa kwa muda kinakwenda kupumzika chenyewe, kinajificha, na kinarudi kikishapata nguvu. Mchana nilikwenda shuleni, nikamwambia mlinzi nimekuja kukagua nyaya. Nimekiweka kwenye kila kompyuta. Levina hajui. Nataka iwe zawadi.

Alhamisi, 12 Juni

Kidato cha pili wana mtihani wa kuchapa asubuhi hii. Umeanza sasa hivi.

Simu inaita. Ni Levina. Imekatika, inaita tena. Keshaona.

Naiacha iite kidogo, asije akadhani nilikuwa naisubiri.