Mlinzi wa Kaburi la Kulesa

Jumatatu, 3 Machi

Wawekezaji wa ng'ambo watatujengea tuta la kuzuia mafuriko hapa Kulesa. Litapita kati ya nyumba yangu na mto. Mwaka jana maji yalifika dirishani, kwa hiyo Gladys, mke wangu, anaimba tangu asubuhi. Mimi siimbi. Nimewasoma watu hawa miaka thelathini. Huja na kofia ngumu, huondoka na picha zetu. Lazima mtu wa vitabu aketi kwenye kamati ya mradi awakabili. Baraza limemchagua jirani yangu Pekeshe. Pekeshe! Gazeti kwake ni la kufungia samaki.

Jumatano, 5 Machi

Nimesoma sera ya mradi hadi ukurasa wa 40. Penye mahali patakatifu, mlinzi wake hupata kiti kwenye kamati bila kupigiwa kura. Nimelitazama shamba langu kwa macho mapya. Mbele ya nyumba, upande wa mto, kwenye migomba, pana mwinuko tulipofukia choo cha zamani. Ukiutazama kwa mbali, una hadhi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeuzungushia mawe na kitambaa cheupe. (Shuka la Gladys. Hajui.) Afisa wa mradi, Bi. Kadra, amefika. Nikamkaribisha chai, nilisahau ni Ramadhani. Nikamsimulia habari za babu wa babu yangu, aliyezuia mafuriko kwa fimbo akazikwa pale amesimama. Akaandika kila neno, akauliza kama nina shahidi. Hapo Pekeshe akachomoza kwenye migomba. Nikajua nimekwisha: choo kile walikichimba baba yake na baba yangu. Lakini akavua kofia, akasema tangu utotoni amewaona wazee wakichuchumaa hapo, mmoja mmoja, kwa subira, na kuondoka wamepata nafuu.

Nimemdharau bure mtu huyu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepata kiti. Na kizibao cha manjano kinachong'aa! Nimekula nacho chakula cha mchana. Hotuba yangu dhidi ya mitaji ya ng'ambo ina kurasa kumi na saba. Nimeanza na ukoloni. Bado sijafika kwenye saruji.

Jumanne, 18 Machi

Kikao cha kwanza. Nikasimama kuhutubu. Bi. Kadra akaniomba kwa adabu, mzee, nisubiri atandaze ramani. Kwa heshima ya babu, tuta limesogezwa mita mia mbili kutoka kaburini. Sasa linapita nyuma ya nyumba yangu. Mimi, choo na mto tuko upande mmoja. Kulesa yote upande wa pili. Shamba la Pekeshe, ambalo ramani ya kwanza ililikata katikati, limepona lote. Pekeshe akasema mzee wetu ana bahati, ataishi karibu na babu yake.

Hotuba sikuisoma.

Jumatano, 19 Machi

Vigingi vimeshakitwa. Gladys amehamishia kuku na kitanda kwa dada yake, upande wa pili. Kaniambia: Baba Winfred, nenda kamwambie yule binti ni choo, basi, nyumba yetu ipone. Nikamjibu kwamba msomi hakiri. Msomi hutafuta ukurasa mwingine.

Nimeupata. Ukurasa wa 61: panapopatikana kiumbe adimu, ramani hubadilishwa mara moja. Sentensi inaendelea hadi ukurasa wa 62, lakini nimeshaelewa.

Nimekamata chura kwenye migomba. Wa kawaida kabisa. Nimeshampaka madoa sita ya buluu kwa kalamu hii. Akitulia, nitampaka la saba.