Ombi la Kurudishiwa Giza, Angalau Jumapili

Nyumba Namba 14,
Bondeni, Nakuru.

Kwa Bwana Jamleck Kahiga, Mwenyekiti wa Kamati ya Sola ya laini yetu ya nyumba,

Natumai hamjambo hapo nyumbani, wewe na Mama Kui. Nakuandikia kwa heshima, ingawa nimekasirika, kuhusu zile paneli ambazo laini nzima ilisaidiana kupandisha juu ya paa langu kwa sababu ndilo pekee lisilo na kivuli. Malalamishi yangu ni haya:

1. Nimepoteza kazi. Kwa miaka kumi na tisa, stima ikipotea, mimi ndiye niliyekuwa nikipiga simu kuripoti, na majirani wote walikuja mlangoni kwangu kuuliza itarudi lini. Nilikuwa najibu kwa kukisia, lakini nilikuwa najibu. Tangu paneli ziwekwe Februari hakuna aliyeniuliza kitu, hata saa.

2. Watoto wanasoma kupita kiasi. Kui wako alinisahihisha Kiswahili mbele ya watu, na bado yuko gredi ya nne. Hiyo ni shauri ya taa.

3. Zamani stima ikipotea Mama Kui alitoa jiko nje, na githeri, mahindi na maharagwe yake, ililiwa na yeyote aliyekuwa karibu. Siku hizi kila mtu yuko ndani na televisheni yake. Mimi nakula mkate chini ya taa ambayo inanionyesha vizuri kabisa kwamba niko peke yangu. Inaniuma, Mwenyekiti.

4. Ushahidi ni Jumapili iliyopita. Betri zilikuwa zimechoka kwa wiki nzima ya mawingu, na saa nane mchana sola ikazima yenyewe. Watu wakatoka. Githeri iliyokuwa haijaiva kwenye sufuria ya umeme ikahamishiwa kwenye jiko la makaa, jirani yetu Njuguna akaleta viti, na nikaulizwa mara sita stima inarudi lini. Nikasema saa tisa na robo. Saa tisa na dakika kumi nikaenda msalani kidogo, na niliporudi tu, ikawaka. Ujuzi kama huu si wa kutupwa.

Kwa hivyo naomba kamati iamue sola izimwe kila Jumapili, na ikiwezekana Jumatano pia. Mkikataa, nitataka paa langu, na paneli zitafute pa kukaa.

Nisalimie Mama Kui, Kui mwenyewe pamoja na kamusi yake, Njuguna wa viti, na kuku wenu, ambao naona nao wamewekewa taa.

Ni mimi, aliyekuwa mripoti wa stima,
Ephantus Gathogo

N.B. Lile blanketi la bluu ambalo Njuguna ameokota nyuma ya tanki, lenye kamba kwenye pembe zote nne, ni langu. Lilipeperushwa na upepo kutoka juu ya paa. Ombi langu nimeliondoa, msizime chochote. Atakayelileta aje jioni, taa zikiwa zinawaka, na akae kidogo. Chai nitakuwa nimeweka.