Kifaa Kilichoniweka Ziwani

Jumatatu, 4 Aprili 2005. Mbugani, Kyela.

Baba mdogo Aliko anatafuta msimamizi wa magari yake mawili ya mizigo. Wagombea ni wawili. Mimi, Lameck, mwenye shahada ya jiografia. Na Tuntufye, dereva wake wa miaka mingi, aliyeishia darasa la saba na ambaye huendesha kwa kuulizauliza. Jumamosi kila mmoja atapakia vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa kule Matema, na kuvifikisha Kasumulu mpakani, kwa mnunuzi kutoka Karonga, Malawi, kabla ya saa kumi jioni. Atakayetangulia na vyungu vizima, kazi ni yake.

Nimemwonea Tuntufye huruma, na nimemwambia hivyo. Akajibu ndaga, asante sana, ila huruma hiyo niitunze, nitaihitaji mwenyewe Jumamosi.

Jumanne, 5 Aprili. Kasumulu.

Nimefanya utafiti. Mwezi uliopita nilisafiri na Tuntufye nikiwa na saa mkononi. Kati ya saa nne za njiani, dakika sabini na nne zilikuwa salamu. Husimama kwa kila mzee, hushuka, huvua kofia, huuliza ya nyumbani, ya ng'ombe, ya mpunga. Ya barabara huja mwisho. Usafirishaji wa kisasa hauwezi kujengwa juu ya msingi huo.

Dawa ni GPS. Hezroni, mfanyabiashara wa hapa mpakani, anazo mbili. Ya kwanza ni ndogo, ya njano. Huonyesha mshale na tarakimu, na hukumbuka njia uliyokwisha kuipita. Ya pili ina ramani ya Afrika nzima, na sauti ya mama wa Kiingereza anayekuelekeza pa kukata kona. Hezroni alinishauri nichukue ya njano, nizunguke njia nzima na Tuntufye mara moja, kifaa kiikariri. Yaani nikajifunze jiografia kwa Tuntufye.

Aliongeza kuwa ramani ya ile kubwa, kwa upande wetu huu, ina mapengo. Nilimfafanulia kwa nusu saa tofauti kati ya ramani yenye mapengo na ramani iliyochujwa. Mwishowe akasema sawa, msomi, chukua, nataka kufunga duka. Nimechukua yenye sauti. Baiskeli yangu imebaki kwake kama malipo. Nimerudi na gari la abiria, nimekipakata kifaa kama mtoto aliyetoka kuchanjwa.

Alhamisi, 7 Aprili. Ikolo.

Majaribio. Nikiwa katikati ya mashamba ya mpunga, skrini ilionyesha gari nililokabidhiwa na baba mdogo liko ndani ya Ziwa Nyasa, kilometa mbili kutoka ufukweni. Mkulima mmoja aliyekuwa akipalilia aliomba kuona. Alicheka mpaka akakaa kwenye tuta, kisha akauliza kama nimepata samaki. Nilimweleza kwamba maziwa hupanuka na kusinyaa, na kwamba huenda ramani inazingatia ufuko wa kale. Akasema babu yake amezikwa pale pale, na hakufa maji.

Ushahidi wa kaburi moja. Sikuendelea naye.

Jumamosi, 9 Aprili. Kasumulu, jioni.

Naandika kwa ajili ya historia.

Tuliondoka Matema saa tatu asubuhi. Mama Ikupa, mfinyanzi, alisisitiza kupanda gari langu pamoja na vyungu vyake arobaini, kazi ya msimu mzima, vilivyopangwa kwenye majani makavu ya migomba. Kijiji cha kwanza aliniomba nisimame niwasalimie wazee. Nilimwambia tunaokoa muda. Akatoa kichwa dirishani, akaita ugonile, salamu ya kwetu, lakini wazee walikuwa wamekwisha kubaki nyuma. Akasema nimempitisha mbele za watu kama mfungwa.

Baada ya Ipinda, mama wa kifaa akaagiza tukate kushoto, njia ya mkato. Penye njia panda mzee mmoja alikaa juu ya gogo, ametuelekea. Nilimpigia honi. Honi ni salamu, ukiitazama kisayansi.

Kilometa mbili mbele, daraja halikuwepo. Lilichukuliwa na mvua ya Jumatano. Nilifunga breki, gari likateleza likazama tope hadi ekseli. Mama wa kifaa akasema tuendelee moja kwa moja.

Yule mzee, Eliud, alitufikia kwa miguu, taratibu. Nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Akasema alikuwa akisubiri nimsalimie, ndipo aniambie. Kumpigia kelele mtu ambaye hamjasalimiana naye si adabu. Kisha akamsalimia Mama Ikupa: ya nyumbani, ya watoto, ya udongo. Nilisimama topeni hadi walipomaliza. Ndipo akaenda kuita watu wenye kamba.

Tumefika saa kumi na mbili. Vyungu tisa vimevunjika. Tuntufye alifika saa nane, vyake vyote vizima. Mnunuzi bado alikuwepo: Tuntufye alimshikilia saa nne kwa maongezi, wakagundua shemeji zao ni ndugu. Kwa hiyo vyungu thelathini na kimoja vya Mama Ikupa vimenunuliwa. Bahati tupu.

Mama Ikupa hakunigombeza. Alikusanya vigae, akavipanga kwenye kiti changu, akaondoka na Tuntufye.

Jumapili, 10 Aprili. Mbugani.

Baba mdogo ametoa kazi kwa Tuntufye. Kwangu amependekeza unaibu: nikae kiti cha pembeni, kazi yangu iwe kushuka na kusalimia. Nimekataa kwa hoja tano. Alisikiliza mbili. Hezroni naye amekataa kunirudishia baiskeli, ameipanda kwenda kanisani.

Lakini mchana nimetulia nikafikiri, na jambo limenifungukia. Kifaa kilichotuweka ziwani hakikukosea. Mimi ndiye niliyekifunga kwenye gari, ilhali ni kifaa cha majini. Kesho naazima boti ya injini Matema. Vyungu vitapita ziwani. Mama Ikupa ameomba asijulishwe siku ya safari.

Tuntufye, msimamizi, ameniagiza nikifika ufukweni nianze kwa kuwasalimia wavuvi, kwani wanajua miamba iko wapi. Nimepiga hesabu: makundi matatu, dakika kumi kila kundi.

Nitawapungia mkono nikiwa nimeshaondoka.