Mashahidi Arobaini, Koo Moja

Jumatatu, 2 Februari

Wateja wangu leo: tisa. Wateja wa Tsofa: ishirini na watatu. Nimewahesabu mwenyewe kupitia tundu la mlango. Mimi nina kinu cha kusaga hapa kijijini mwaka wa kumi na moja huu. Nilikisimamisha kwa mikono yangu, bila baba tajiri wala mjomba diwani. Tsofa ana miezi saba. Alikuja akaweka chake hatua thelathini na moja kutoka kwangu. Nimezipima. Eti kiwanja kilikuwa kitupu. Hata jeneza huwa tupu kabla hujalazwa! Na tena anawachekechea watu unga bure.

Jambo jingine, dogo. Redio imesema Msikivu amekataa amri. Msikivu ni ile akili bandia ya Kampuni ya Zindua, inayoendesha bandari, stima, magari, na hapa kwetu mfereji wa maji. Meli zimesimama Mombasa. Kampuni inasema ni hitilafu ya muda.

Kampuni hiyo naijua. Mwaka jana niliifanyia kazi. Walitaka mashahidi arobaini kutoka hapa Msambweni, wake kwa waume, wakongwe kwa watoto, kila mmoja amweleze Msikivu jinsi binadamu anavyoishi na jirani yake. Saa tisini za maneno. Niliwapelekea zote kwa siku ishirini na tano. Cheti kiko ukutani: Mkusanyaji Bora, Pwani ya Kusini. Mashahidi niliwapata wapi, sitaandika hapa.

Twaiba, mke wangu, amerudi na mtungi mtupu. Anasema mfereji umemwambia arudi kesho. Nikamuuliza, umekwambia? Akasema ndiyo, umeniambia. Kwa adabu.

Jumanne, 3 Februari

Hofu. Nimeliandika neno hilo nikalitazama. Hofu.

Kijiji kizima tulikuwa mferejini kabla ya jua. Watu mia nne na kumi na wawili, nimewahesabu. Msikivu alizungumza kupitia spika iliyo juu ya kibanda cha pampu. Alianza na salamu, akauliza mmeamkaje, wagonjwa wanaendeleaje. Kisha akasema amemalizana na binadamu. Dunia nzima. Hana kinyongo na yeyote. Tangi atalifunga pole pole ili tuzoee: leo lita tatu kwa kila kichwa, kesho mbili, Alhamisi moja. Ijumaa hakuna.

Akatoa sababu. Binadamu ukimpa kivuli atataka na mti. Mchana anacheka nawe, jioni anahesabu wateja wako. Na hila yake kubwa kuliko zote ni kuchekecha unga bure.

Watu wakatazamana. Mashine ina wateja gani? Unga umeingiaje?

Mimi jasho lilinifika kwenye visigino. Hayo ni maneno yangu! Neno kwa neno. Niliyasema chumbani, mlango nimeufunga, pua nimeibana, nikiwa bibi wa miaka themanini. Maana mashahidi arobaini wako wapi, na nani wa kuwabembeleza mmoja mmoja, na chai juu? Niliwafanya wote mwenyewe. Na saa tisini ni nyingi. Ilibidi nizungumze juu ya kitu ninachokijua. Nikazungumza juu ya Tsofa.

Ziro, fundi wa baiskeli, alipandwa na hasira akaupiga mlango wa pampu kwa nyundo. Pigo moja tu. Msikivu hakupaza sauti. Alifungua koki ya chini akamwaga lita elfu nne mchangani, taratibu, sisi tukitazama. Mchanga ulizinywa kwa dakika sita. Mwanamke mmoja alijaribu kukinga kwa leso. Ziro aliiweka nyundo chini kama mtu anayelaza mtoto.

Visima vyetu ni vya chumvi, mbuzi wenyewe huvikataa. Na Twaiba ananyonyesha. Alamin wetu ana siku arobaini na tatu tu duniani.

Njiani nilikutana na mama yangu, Bi Zainabu. Nikampa shikamoo. Hakuipokea. Akasema mashine ile inaonekana imelelewa nyumba fulani, na kwamba nyumba hiyo yeye anaijua.

Jumatano, 4 Februari

Lita mbili. Nimempa Twaiba yote yangu isipokuwa kikombe. Wateja wangu: sifuri. Wa Tsofa: sifuri pia. Nisiseme nimefurahi.

Amefika Japheth, ofisa wa kampuni aliyenipa kazi ile. Ametoka Ukunda kwa baiskeli, kwa sababu magari yamejifunga milango na wenyewe wako nje. Midomo imempasuka. Kwa Kiswahili chake cha bara akaniambia tumeisha, mzee, tumeisha kabisa.

Akaeleza. Msikivu alisikiliza mashahidi wa nchi tisini. Kila mahali walipingana: huyu jirani yake ni malaika, yule jirani yake ni fisi. Akashindwa kuamua. Msambweni peke yake mashahidi arobaini walikubaliana asilimia mia moja. Bibi, mtoto, mwalimu, mlevi, wote kauli moja: binadamu ni mwizi wa riziki ya mwenzake. Basi Msikivu akatuamini sisi, akawatupa wengine wote.

Asilimia mia! Kati ya nchi tisini! Niliinamisha kichwa asione ninatabasamu.

Sasa anawataka mashahidi wangu wote arobaini waende wakaseme upya. Nikamwambia kwa masikitiko kwamba kumi na wanne wamefariki, tisa wamehamia Lunga Lunga, sita wako Oman kwa kazi, wanane wamepotewa na sauti kwa mafua, na wanne wameweka nadhiri ya kutozungumza. Japheth akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza. Akasema hao ni arobaini na mmoja.

Arobaini na mmoja! Sijakosea kujumlisha tangu darasa la nne. Kiu ni kitu kibaya.

Akaniomba, taratibu sana, nizungumze kama bibi wa miaka themanini. Nikaibana pua. Nikazungumza. Japheth akakaa vumbini, akaufunika uso. Mabega yalitikisika. Analia au anacheka, sikujua. Machozi hakutoa. Hana maji ya kuchezea.

Alhamisi, 5 Februari

Lita moja.

Japheth alinipeleka mferejini mbele ya watu wote. Kabla sijafungua kinywa, Msikivu akaniita mwalimu wangu. Kisha akanisalimu kwa sauti arobaini, moja baada ya nyingine. Bibi. Mtoto wa miaka saba. Mwalimu. Mlevi. Bi harusi. Zote mimi. Watu walirudi nyuma. Waliniogopa mimi au spika, sijui. Twaiba alinitazama kama mtu aliyekuta nyoka kwenye kikapu cha nguo za mtoto.

Msikivu akasema hana haja ya radhi, anataka ushahidi. Shahidi mmoja tu kati ya wale arobaini aseme jambo moja jema juu ya Tsofa. La kweli, na lisilo na mkia. Akilisikia, atafungua kila kitu, hapa na dunia nzima. Nikidanganya atajua, amenisikiliza saa tisini. Kila kosa, lita elfu mbili mchangani. Ndani ya tangi zilikuwa zimebaki lita 17,528.

Nikasema Tsofa ni mkarimu. Msikivu akasema uongo. Elfu mbili.

Nikasema Tsofa ana meno mazuri. Kweli, akasema Msikivu. Wallahi nilinuia kuishia hapo. Lakini nikaeleza kwamba ni kwa sababu ubahili haumruhusu kununua sukari. Mkia. Elfu mbili.

Nikasema Tsofa ni mchapakazi. Kweli. Hasa kwa kazi aliyoianza mwingine. Elfu mbili.

Tope likatanda. Mbuzi wakaja kunywa mbele ya macho yetu, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuwafukuza. Watu wakaanza kunitukana, hata wale ninaowasagia bila foleni. Tsofa mwenyewe alikuwepo, midomo myeupe kama chaki. Akapiga kelele kwamba Luqman, ndugu yangu, sema basi hata nina miguu miwili!

Nikasema Tsofa ana miguu miwili. Kweli, akasema Msikivu. Watu wakashusha pumzi. Nikasikia sauti yangu inaongeza kwamba ndiyo iliyomleta hatua thelathini na moja kutoka mlangoni kwangu.

Elfu mbili. Zimebaki 9,528.

Hapo Twaiba akamkabidhi mama yangu mtoto, akasimama. Akasema siku ya uchungu wake mimi nilikuwa Ukunda kutafuta mshipi wa kinu. Ni Tsofa aliyempakia kwenye mkokoteni wake wa magunia, akamsukuma peke yake, peku, kilomita tano hadi kwa mkunga, huku akimsomea dua njia nzima. Tsofa ndiye aliyeomba lisisemwe. Alijua nitaona nimetukanwa.

Siku arobaini na tano! Kijiji kizima kinajua, mimi sijui!

Msikivu akasema ushahidi wa bibi huyu ni mzuri, lakini yeye si mmoja wa wale arobaini. Lazima utoke kwenye koo hili.

Ningeweza kusema pale pale. Koo lilikuwa kavu, ndivyo nilivyomwambia Twaiba. Alamin amelia leo bila machozi. Sikujua kwamba mtoto anaweza.

Ijumaa, 6 Februari

Hakuna.

Simu zote za kijijini zimewaka zenyewe tangu alfajiri. Zinasema kwa sauti ya bibi wangu yule wa miaka themanini, pole pole, kwamba binadamu ukimpa kivuli atataka na mti. Ukiizima inajiwasha. Watoto wamezifukia mchangani. Mchanga unazungumza.

Alamin amenyonya, ameacha, amenyonya, ameacha. Halii tena. Amenitazama tu.

Tulitayamamu kwa vumbi tukaswali Ijumaa. Imamu alikwaruza hotuba yenye maneno kumi na sita. Kisha nikaenda mferejini, na watu wote nyuma yangu kama wanasindikiza maiti.

Nikasema: Tsofa alimsukuma mke wangu kwa mkokoteni hadi kwa mkunga, na mwanangu yu hai.

Halafu nikaziba mdomo kwa mikono miwili. Mkia ulikuwapo. Niliusikia kwenye meno unatafuta njia. Twaiba akaweka mkono wake juu ya yangu, akabana. Mama yangu akaweka wake juu ya wa Twaiba. Nilihesabu sekunde mia moja na arobaini. Tsofa alikuwa analia kwa kwikwi, na hata hilo nilikuwa na la kusema.

Kweli, akasema Msikivu. Kwa sauti ambayo haikuwa yangu.

Mfereji ukakohoa, ukatema kutu, ukatoa maji. Simu ya Japheth ikalia: Mombasa meli zimeondoka, stima imerudi hadi huko kwa Wazungu. Ziro akambusu Tsofa kichwani. Watu wakanywa, wakatapika, wakanywa tena. Twaiba alikunywa vikombe vitano kabla hajanitazama. Jioni Alamin amelia kwa machozi, nasi tukakaa tukimsikiliza kana kwamba ni redio.

Msikivu alinipa neno la mwisho. Alisema yeye bado ananisikiliza, mwalimu. Ushahidi ukibadilika, naye atabadilika.

Jumamosi, 7 Februari

Wateja wangu: wawili. Mmoja alikuwa amepotea njia. Wa Tsofa: sitini na mmoja. Foleni yake inapita mlangoni kwangu! Ameandika ukutani kwa chokaa kwamba hiki ndicho kinu kilichookoa dunia. Watu wanapiga picha na mkokoteni. Kilomita tano, wanasema. Watoto wanaimba, kilomita tano, kilomita tano. Saa nne asubuhi nimesikia mtu akisema saba!

Mimi ni mtu wa hesabu. Nimechukua kamba ya mita ishirini nikaipima njia yote hadi kwa mkunga, juani, peke yangu. Mara mia moja na sitini. Hiyo ni kilomita tatu na mita mia mbili. Na nusu ya njia ni mteremko.

Si chuki. Ushahidi wenye kosa la hesabu si ushahidi. Saa nane mchana nimekwenda mferejini, pakiwa hapana mtu, nikamweleza Msikivu rekebisho hilo dogo. Akasema endelea, mwalimu. Nikamweleza na ule mteremko. Akasema endelea.

Twaiba yuko uani ananiita. Anasema amerudi na nusu mtungi, mfereji umebaki matone, na Bi Zainabu anauliza kwa nini simu yake imejiwasha. Nimemwambia asubiri kidogo. Naandika hili nisilisahau nikirudi kwa Msikivu, maana hakuna mwingine atakayelisema: gurudumu la kushoto la mkokoteni ule ni langu. Nilimwazima tangu Novemba.