Mionzi ya Mwamba wa Clotilda

Jumatatu, 9 Juni
Semina, Ngara mjini. Kutoka Murusagamba tulikuwa vikundi viwili tu, changu na cha Clotilda. Shule zikifunguliwa, kimoja kitauza unga wa muhogo kwa ajili ya ugali wa wanafunzi wa shule yetu. Bwana Afya, Danstan, kasema kila kikundi kiandike mpango: hatari za kemikali, hatari za mionzi, na namna ya kuzizuia. Jumamosi anakuja kukagua. Clotilda alikuwa akiitikia kwa kichwa kama aliyezaliwa anajua. Nami nikaitikia. Lakini mionzi ndiyo imenikamata. Kumbe yapo mawe yenye mionzi ya asili, huioni, wala huinusi! Njia nzima juu ya bodaboda nimekodolea macho mawe. Dereva akauliza kama nimedondosha kitu.

Jumanne, 10 Juni
Kutwa naandika. Kemikali: hakuna. Sisi si kiwanda, tuna muhogo na maji ya mto. Mionzi: kurasa mbili. Kisha nikajiuliza, Clotilda anaanika wapi? Juu ya mwamba, pale mlimani. Na mwamba ni nini kama si jiwe kubwa? Nikampigia simu Bwana Afya. Akauliza nina kipimo gani. Nikasema nina wasiwasi. Kasema yeye haamini, ila kwa kuwa nimelileta, atawaandikia wenye vipimo, na mpaka wapime, mwamba usitumike. Nimelala usingizi mtamu.

Jumatano, 11 Juni
Mtendaji kapita akitangaza. Mwamba umefungwa. Wote! Nilisahau kwamba sisi tunaanika upande wa pili wa mwamba huohuo. Dafroza, mke wangu, kauliza ni mjinga gani kapeleka maneno hayo. Nikasema watu wana wivu. Muhogo wa wanakikundi wote umeshatolewa majini, usipokauka unaoza. Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Clotilda kajenga vichanja vya mianzi kabla jua halijazama. Basi, mimi nina turubai langu stoo. Zima kabisa, halina hata tundu.

Jumamosi, 14 Juni
Bwana Afya kaanza kwa Clotilda. Nilimfuata kwa mbali, nisikie. Mpango wake ukurasa mmoja. Kemikali ya kwanza: sumu ya asili ya muhogo mchungu. Kinga: kuloweka hadi ulainike, kukausha vizuri. Nikacheka moyoni. Hiyo kemikali gani, si mambo ya bibi zetu hayo? Kwetu kauliza kwa nini tunaloweka. Nikasema ndivyo tulivyokuta.

Akaokota kipande cha muhogo, akanusa. Akauliza turubai lilikuwa la kazi gani. Sijafungua mdomo, Dafroza akasema ndilo ninalochanganyia dawa ya kupulizia nyanya. Bwana Afya akakitupa kile kipande. Halafu akauliza mwanangu anasoma wapi. Iradukunda, kitinda mimba wetu, anakula ugali wa shule hiyohiyo. Nikachukua jembe. Muhogo wote tumeufukia shimoni, wanakikundi wakiangalia jasho lao linavyopotea. Nimeona aibu. Na hofu bado haijanitoka.

Jumapili, 15 Juni
Shule imemchukua Clotilda. Nilidhani atanikwepa kanisani. Kaja mwenyewe, kasema muhogo ujao tuanike kwenye nusu ya vichanja vyake, tuuze pamoja. Dafroza alitokwa na machozi. Nami nilimshukuru kwa moyo wangu wote.

Baada ya misa tulikwenda kuviona. Imara, safi, viko juu, kuku hawafiki. Mianzi kaifunga kwa waya. Waya huo unang'aa ajabu. Kautoa wapi? Dafroza kaniambia, Baba Iradukunda, usianze. Sijaanza. Nauliza tu. Kitu hakiwezi kung'aa namna ile bila sababu, na mtu mwenye akili lazima ajue sababu. Kesho asubuhi nampigia simu Bwana Afya. Nitamwomba upande wetu asiufunge.